Anataga mayai, lakini kipimo kinasema ni dume

"Shikamoo mtaalamu. Ninafuga mijusi wawili wenye ndevu, dume na jike. Huyu jike nilimwangua mwenyewe kwenye mashine ya kuangulia mayai. Siku zile joto la mashine lilipanda, kipimo kikawa kinasoma nyuzi 34 kwa wiki kadhaa kabla sijagundua. Sasa amekua na ametaga mara mbili, ingawa mayai yale sikuyaangulia. Juzi nilipeleka maabara kipande cha ngozi aliyojivua ili wampime kinasaba, majibu yakarudi ZZ, yaani dume. Je, maabara imekosea? Au mimi ndiye niliyemharibu kwa lile joto? Shuleni tulifundishwa kwamba XX ni jike na XY ni dume, sasa hizi Z zimetoka wapi? Na kama kromosomu ya kike imepotea, si watoto wake wote watakuwa madume, ukoo uishie hapo? Nimzuie asizae?"

Marahaba ndugu yangu, na asante kwa kueleza yote bila kuficha lile la joto, maana ndilo lenye jibu. Nianze na lililokukaa rohoni: hukumharibu, na kuna uwezekano mkubwa kwamba maabara haikukosea. Ulichonacho ni jike kamili, mwenye ovari zinazofanya kazi, aliyebeba kromosomu ambazo kwa kawaida hubebwa na dume. Hali hii inajulikana kwa mjusi mwenye ndevu (Pogona vitticeps), na hutokea hata porini kwao Australia, ambako hakuna mashine ya mtu yeyote.

Ulichofundishwa shuleni ni kweli kwa binadamu na kwa karibu mamalia wote. Hakifai kutandazwa juu ya wanyama wote. Kwa ndege mpangilio umegeuka: jogoo ana kromosomu mbili zinazofanana, ndizo tunaziita Z, na tetea ana Z moja na W moja. Herufi zilibadilishwa makusudi ili mtu akiona ZW ajue mara moja kwamba mwenye jozi isiyolingana ni jike, si dume. Mjusi mwenye ndevu yuko upande huo wa Z na W. Mijusi wengine, kama utakavyoona, wako upande wa X na Y, na wengine hawana kromosomu za jinsia kabisa.

Sasa tuingie ndani ya yai lako. Kila kiinitete cha mjusi huanza na tezi ya uzazi ambayo bado haijachagua upande. Inaweza kuwa korodani, inaweza kuwa ovari. Kwa mjusi mwenye ndevu, ushahidi unaonyesha kwamba kinachoamua ni kipimo cha Z. Kiinitete chenye Z mbili hupata dozi kamili ya maelekezo ya kiume, na tezi inakuwa korodani. Chenye Z moja na W moja hakifikishi dozi hiyo, na tezi inakuwa ovari. Ukilitazama hivyo utaona kwamba kazi kubwa inafanywa na Z, wala si W. Mwaka 2025 watafiti waliosoma jenomu nzima ya mjusi huyu walikuta kwenye Z nakala za jeni ya AMH, jeni ambayo kwa wanyama wengi wenye uti wa mgongo inahusika na ujenzi wa viungo vya kiume. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito.

Joto linaingia hapo hapo. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuangulia mayai ya mjusi huyu kwa viwango mbalimbali vya joto. Kati ya nyuzi 22 na 32 za Selsiasi walipata madume na majike kwa idadi zinazokaribiana, kama kromosomu zinavyotaka. Juu ya 32 majike walianza kuzidi, na joto lilipokuwa 34 na kuendelea karibu wote walioanguliwa walikuwa majike. Walipochunguza vinasaba, wakakuta wengi wa hao ni ZZ. Yaani dozi ya kiume ilikuwemo ndani ya seli, lakini joto liliizuia isifanye kazi yake, na tezi ikaenda njia ya ovari. Nyuzi 34 zako zimo ndani ya eneo hilo kabisa.

Linazuiaje? Mwaka 2017 ilionekana kwamba katika majike wa aina hii ujumbe wa jeni mbili, JARID2 na KDM6B, hubaki na kipande ambacho kwa kawaida hukatwa na kutupwa kabla ujumbe haujatumika. Jeni hizo mbili husimamia namna DNA inavyofungwa na kufunguliwa ndani ya seli, hivyo zikibadilika, jeni nyingine nyingi hubadilika nazo, zikiwemo zile za uzazi.

Hapa nisahihishe dhana moja ninayokutana nayo mara kwa mara kwa wafugaji. Joto haligeuzi jinsia ya mjusi aliyekwisha kuanguliwa. Linafanya kazi ndani ya yai tu, katika kipindi tezi inapoundwa. Taa ya kuotea joto unayomwashia leo haitamfanya awe dume wala haitamzidisha ujike. Uamuzi ulishafanyika na haurudi nyuma.

Tena jike huyu si huntha, wala si nusu hiki nusu kile. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliothibitisha kwamba majike wenye ZZ wapo porini Australia, na kwamba waliofugwa kituoni walitaga kwa mwaka idadi ya mayai karibu maradufu ya ile ya majike wa kawaida wenye ZW. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba kwa tabia na umbo wana dalili za kiume pia: wana ujasiri zaidi na mkia wao hufuata vipimo vya dume. Kama jike wako anasogelea mkono wako bila woga kuliko ulivyozoea kwa majike wengine, huenda sababu ni hiyo.

Swali lako la ukoo ndilo lililonifanya niandike jibu refu. Umefikiri sawasawa hatua ya kwanza. Jike wa ZZ akipandwa na dume wa ZZ, hakuna mahali W itakapotoka. Watoto wote watakuwa ZZ, na W imepotea katika kizazi kimoja tu. Ila hatua yako ya pili ndiyo isiyofuata. Watoto hao wakiangukia kwenye joto la chini wanakuwa madume. Wakiangukia kwenye joto la juu wanakuwa majike. Ukoo hauishi. Umebadilisha tu msimamizi: jana jinsia iliamuliwa na kromosomu, leo inaamuliwa na joto la kiota. Utafiti ule wa 2015 ulishuhudia mabadiliko hayo yakitokea kwa kizazi kimoja, na ukaona pia kwamba watoto wa majike wa ZZ hugeuzwa na joto kwa wepesi kuliko watoto wa majike wa kawaida.

Zingatia na jambo jingine ambalo jike wako analithibitisha kwa kuishi tu. Hana W hata kidogo, na bado anakula, anakua, anataga. Maana yake ni kwamba hakuna kitu cha lazima kwa uhai ambacho kipo kwenye W peke yake. Ili kuelewa kwa nini ni hivyo, inabidi tujue kromosomu za jinsia huzaliwaje.

Huanza zikiwa jozi ya kawaida, zikifanana kama jozi nyingine zote. Siku moja jeni iliyo juu ya mmoja wa pacha hao hubadilika, au nakala ya jeni hudondokea hapo, ikawa ndiyo inayoelekeza tezi upande mmoja. Sehemu inayoizunguka jeni hiyo huacha kubadilishana vipande na pacha wake, kwa kuwa kubadilishana kungevuruga mpangilio mpya. Hapo ndipo shida inapoanzia. Chukua nakala mbili za muswada mmoja: ukurasa ukichanika kwenye nakala moja, unaunakili kutoka kwenye nyingine. Kromosomu nyingi hujirekebisha kwa namna hiyo kila kizazi. Lakini W au Y iliyojitenga haina tena pa kunakili, kwa hiyo makosa hujilundika, jeni hufa moja moja, na baada ya mamilioni ya miaka kinachobaki ni kidogo sana. Y ya binadamu imepita njia hiyo. X mwenzake bado ina mamia ya jeni, yenyewe imebaki na chache.

Kwa muda mrefu wanabiolojia waliamini kwamba njia hii haina kurudi. Mtaalamu wa vinasaba Susumu Ohno aliieleza vizuri katika kitabu chake cha 1967 kuhusu kromosomu za jinsia, akitumia nyoka, ambao kiukoo ni tawi mojawapo la mijusi. Chatu na jamaa zao wana jozi zote zinazofanana kwa jicho la hadubini, ilhali nyoka wa jamii ya kipiribao (nyoka wenye sumu wa familia ya Viperidae) wana W ndogo iliyochakaa. Ikachukuliwa kwamba chatu wapo mwanzo wa safari ya ZW na kipiribao wapo mwisho wake. Maelezo yalikuwa mazuri mno hata yakakaa vitabuni nusu karne. Kisha mwaka 2017 mtafiti Tony Gamble na wenzake walipima vinasaba vya boa na chatu wa Burma wakakuta kwamba hawana Z na W kabisa. Wana X na Y, na kila mmoja alizipata kivyake. Nakupa kisa hiki kwa sababu kinafundisha tahadhari: kromosomu zinazofanana kwa macho hazikwambii chochote kuhusu ni mfumo gani unaotumika. Ni lazima upime vinasaba.

Tangu vipimo hivyo vilipopatikana, picha ya mijusi imebadilika sana. Kuna koo zilizotulia. Mijusi wa familia ya Lacertidae wamekaa na Z na W zilezile kwa zaidi ya miaka milioni 80. Anoli, iguana na jamaa zao wengi wanashirikiana X moja ya kale. Kwa anoli wa kijani wa Marekani (Anolis carolinensis) Y imechakaa, na dume analipia upungufu huo kwa kuifanyisha X yake moja kazi maradufu, hadi jeni zake zinatoa kiasi kilekile anachotoa jike mwenye X mbili. Ungedhani ukoo uliofika umbali huo hauwezi tena kubadilisha mfumo. Lakini basiliski, walio ndani ya kundi hilohilo la akina iguana, waliuacha mfumo wa kale na kuanzisha X na Y mpya kutoka jozi nyingine kabisa ya kromosomu. Kwangu huu ni mfano wenye nguvu kuliko yote, maana unaonyesha kwamba hata mlango uliodhaniwa kufungwa hufunguka.

Na kuna koo zisizotulia. Kwa mijusi kafiri, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulihesabu kwamba mfumo wa kuamua jinsia umebadilika kati ya mara 17 na 25 katika historia yao. Wapo wa XY, wapo wa ZW, wapo wa joto tupu kama chui-kafiri (Eublepharis macularius) anayefugwa na wengi, ambaye mayai yake hutoa majike kwenye joto la chini, madume wengi kwenye nyuzi 32 na nusu hivi, kisha majike tena likipanda zaidi. Wakati mwingine koo mbili zisizo na udugu wa karibu huchukua jozi ileile: mjusi kafiri wa Asia ya Mashariki, Gekko hokouensis, ana Z inayolingana na Z ya ndege, ingawa kila mmoja aliipata kwa njia yake. Jozi hiyo ina DMRT1, jeni ya kale ya ujenzi wa korodani, na haishangazi ikateuliwa zaidi ya mara moja. Kazi ya kujenga tezi inashirikisha jeni nyingi zinazoitikiana, na yoyote kati yake ikipata nguvu ya kutosha inaweza kushika uongozi. Ndiyo maana uongozi huhama, na ndiyo maana joto nalo, likigusa mahali panapofaa, linaweza kuushika.

Joto lenyewe lilitambuliwa kwanza barani Afrika. Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar nchini Senegal, ndiye aliyeripoti mwaka 1966 kwamba jinsia ya mjusi aina ya Agama agama hufuata joto la mayai. Ripoti yake haikusikilizwa sana wakati ule. Baadaye wengine wakayaona hayo kwa kasa na mamba. Nadhani alistahili sifa zaidi.

Usidhani pia kwamba siku zote ni joto kali linalogeuza, na siku zote kuelekea ujike. Kuna mjusi mdogo wa milima ya Australia, Bassiana duperreyi, mwenye X na Y, ambaye viota vyenye baridi humgeuza XX kuwa dume. Na ukija kufuga vinyonga, usichukue kanuni za mjusi wako ukazipeleka huko: wafugaji wa Chamaeleo calyptratus walizoea kuchezea joto wakidhani wanachagua jinsia, mpaka mwaka 2018 ilipoonyeshwa kwamba ana X na Y.

Turudi kwenye uamuzi wako. Kipimo kinachotumika kwa mjusi mwenye ndevu hutafuta kipande cha DNA kilichopo kwenye W. Kikionekana, jibu ni ZW. Kisipoonekana, jibu ni ZZ. Udhaifu upo hapo: ngozi iliyolowa, iliyokaa siku nyingi au iliyochafuka inaweza kukosa DNA ya kutosha, na kukosa kuonekana kwa W kukawa ni kukosa sampuli nzuri tu. Waulize maabara kama walipima pia kipande ambacho kila mjusi anacho, na kama kilionekana. Kikiwa kilionekana, amini majibu. Kama sivyo, rudia kwa damu kidogo itakayochukuliwa na daktari wa wanyama. Kwa historia yako ya nyuzi 34, mimi sitegemei jibu libadilike.

Kumzuia asizae si lazima. Ukiamua kuangulia mayai yake kwenye nyuzi 28 au 29, tegemea madume watupu au karibu watupu. Ukipandisha kuelekea 34 utapata majike, ila hapo nitasema wazi kwamba sikushauri. Kadiri joto linavyopanda ndivyo unavyokaribia mpaka ambao viinitete hufa ndani ya ganda, na mashine nyingi za nyumbani hupotoka nyuzi moja au mbili bila mwenye nayo kujua, kama ilivyokutokea. Kama unahitaji majike, ni salama zaidi kumtafuta jike wa ZW na kuangulia kwa joto la kawaida. Unapompa mtu yeyote watoto wa huyu jike wako, mweleze kwamba hawana W, kwa sababu naye akija kuwazalisha kwa joto la kawaida atajiuliza majike wamekwenda wapi. Tena weka vipimajoto viwili ndani ya mashine, kimoja pembeni mwa mayai kabisa, usitegemee kile cha mlangoni.

Afya yake ndiyo ningeiweka mbele ya yote. Jike anayetaga sana hutoa kalsiamu nyingi mwilini, na jike mwenye ndevu anaweza kutaga hata bila kupandwa, kwa hiyo kumtenga na dume hakumalizi kazi. Hakikisha anapata kalsiamu, mwanga wa taa ya UVB (miale ya urujuanimno) isiyochakaa, na sanduku lenye mchanga mnyevu wenye kina cha kutosha kuchimba. Mpime uzito kila wiki na uandike.

Ukimwona anachimba na kuacha kwa siku mbili tatu bila kutaga, tumbo limejaa na halili, analala bila nguvu, au miguu ya nyuma inatetemeka au kuburuta, hayo si mambo ya kusubiri wala ya kuuliza kwa maandishi. Usimkamue tumbo na usimpe dawa yoyote ya kusukuma mayai ukiwa nyumbani. Mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari mwenye uzoefu wa reptilia, apigwe picha ya eksirei au ultrasaundi. Na mweleze kabla hajaanza kwamba karatasi ya maabara inasema ZZ lakini mnyama anataga, asije akaandika "dume" kwenye faili na kuacha kutafuta mayai.